Mavazi ya kiume Mbinga: lebo ya nyumbani yabanwa kati ya mtumba na msimu wa kahawa

MFANYABIASHARA anayetaka kufikisha Namswea shati, kadeti au fulana iliyoshonwa hapa nchini ana mambo mawili ya kupigia hesabu kabla hajakata jora la kwanza. La kwanza ni mtumba, ambao umekwishatangulia sokoni. La pili ni mteja ambaye mfuko wake hujaa kwa msimu. Asiyeyapima mawili hayo hurudi Songea na mzigo wake.

Kata ya Namswea imo katika Wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma. Nguo inayonunuliwa kwa jumla Kariakoo husafiri zaidi ya kilometa 900 hadi Songea, kisha hupanda gari jingine kwenda Mbinga mjini kabla ya kusambaa vijijini. Kila kituo kina mtu wake wa kati, na kila mtu wa kati huongeza chake. Mwenye karakana ya vyerehani vichache, anayeshona kwa jina lake mwenyewe, huingia katika mnyororo huo akiwa na mtaji mdogo kuliko wote.

Hata hivyo, soko lipo. Mwanamume wa Mbinga huhitaji shati la kanisani, suruali ya kikao na fulana ya kawaida ya jioni. Swali kwa mwekezaji mdogo ni wakati gani ananunua, kwa bei gani, na kwa nini achague nguo mpya ya nyumbani badala ya mtumba wa ng'ambo.

Fedha za kahawa

Mbinga ni wilaya ya kahawa ya arabika. Mavuno huanza katikati ya mwaka na mkulima huuza kupitia chama chake cha msingi, AMCOS, ambacho hupeleka kahawa mnadani. Malipo hufika kwa awamu. Mahindi nayo huingiza fedha baada ya mavuno, na Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa zao hilo. Kwa hiyo miezi minono ya muuza nguo huanza karibu Agosti na kufikia kilele wakati wa Krismasi na Mwaka Mpya. Januari fedha huhamia kwenye sare na mahitaji ya shule, na masika huwa ni miezi ya kukaza mkanda.

Wanaokumbuka miaka ya 1990 wanajua jinsi utegemezi huo unavyouma. Chama kikuu cha ushirika cha Mbinga, MBICU, kilianguka katika miaka hiyo baada ya soko la kahawa kufunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Mwaka 2001 bei ya dunia ilishuka chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili. Kinyume chake, Februari 2025 arabika ilipita dola 4 kwa ratili katika soko la New York. Muuza mashati wa Mbinga asiyefuatilia bei ya kahawa anafanya biashara akiwa amefumba macho, kwani oda ya Desemba hutegemea mnada wa miezi iliyotangulia.

Mtumba na sheria zake

Nguo za mitumba zilianza kuingia kwa wingi nchini baada ya masharti ya uagizaji kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, wakati maduka yalipokuwa matupu. Viwanda vilivyojengwa baada ya uhuru, kama Urafiki wa Dar es Salaam na Mwatex wa Mwanza, vilikuwa tayari vimelemewa na uhaba wa vipuri, umeme na fedha za kigeni. Belo liliziba pengo, na halijaondoka tangu hapo.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza mitumba hatua kwa hatua, lengo likiwa kuiondoa ifikapo 2019. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, nayo ikatishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya mpango wa AGOA. Tanzania, Kenya na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na Julai 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa mavazi.

Funzo kwa mwenye lebo ndogo liko wazi. Mtaji usiwekwe kwa kutegemea kwamba serikali itafunga mlango wa mtumba. Kilichofanyika ni kwa nguo mpya za kigeni: tangu Julai 1, 2022 Jumuiya imeweka daraja la ushuru wa asilimia 35 linalogusa mavazi mengi. Kinga hiyo husaidia dhidi ya shati jipya la China kuliko dhidi ya belo.

Kuna pia kona ambayo mtumba umezuiwa kisheria. Shirika la Viwango, TBS, limekuwa likipiga marufuku uingizaji wa nguo za ndani zilizokwishatumika. Singlendi na bukta za kiume zilizo mpya zina nafasi ambayo shati halina, zinahitaji kitambaa kidogo, na mteja hazichagui kwa mtindo.

Hesabu ya shati moja

Ili kuona faida ilipo, uchukuliwe mfano wa hesabu tu wa shati la mikono mifupi. Kitambaa mita moja na nusu kwa Sh 5,000 ni Sh 7,500. Vifungo, uzi na gundi ya kola Sh 700. Lebo Sh 300. Fundi Sh 4,000. Mfuko na usafiri Sh 500. Jumla ni Sh 13,000. Likiuzwa kwa jumla Sh 16,000, faida ni Sh 3,000, na mwenye duka akiuza Sh 20,000 anabaki na Sh 4,000.

Kwa mashati 100, mtaji ni Sh 1,300,000 na faida inayotarajiwa ni Sh 300,000. Lakini mashati 10 tu yakibaki rafuni, mauzo ya 90 yanaleta Sh 1,440,000, na faida inashuka hadi Sh 140,000. Mtaji wenyewe haurudi mpaka liuzwe shati la 82. Anayeshona saizi kubwa nyingi kwa kubahatisha hupoteza karibu faida yake yote katika mashati 18 ya mwisho.

Hatari ya pili ni mali kauli. Mwenye duka huchukua mzigo kwa maneno na kulipa akishauza. Mzigo huo ukikaa miezi minne, mtaji unazunguka mara tatu kwa mwaka. Ukilipwa kwa miezi miwili, unazunguka mara sita. Kwa shati lile lile na faida ile ile, wa kwanza anapata Sh 900,000 kwa mwaka na wa pili Sh 1,800,000. Ndiyo maana wazoefu huanza na pisi chache kwa kila duka, huandika karatasi ya mapokezi, na hawaongezi mzigo kabla ya kulipwa wa kwanza.

Milimani na ziwani

Mbinga na mwambao wa Nyasa ni masoko mawili. Milima ya Umatengo ina baridi kali Juni na Julai, na hapo jaketi, sweta na shati la mikono mirefu hutoka. Mbamba Bay, chini kabisa ukingoni mwa ziwa, ni joto. Huko pensi, fulana nyepesi na shati la mikono mifupi ndiyo bidhaa. Barabara ya lami ya kilometa zipatazo 66 kati ya Mbinga na Mbamba Bay imewezesha gari moja kuhudumia pande zote mbili, jambo lililokuwa gumu wakati wa vumbi na tope.

Faida yake ni kwamba mzigo uliokwama upande mmoja unaweza kuhamishiwa wa pili. Hasara ni kwamba lebo ndogo inajaribiwa kushona kila kitu. Aina mbili au tatu zilizoshonwa vizuri humlipa mwenye mtaji mdogo kuliko aina kumi.

Jina lina bei

Jezi za mpira zimeonyesha kwamba Mtanzania hulipia jina la nyumbani. Mwaka 2021 klabu ya Simba iliingia mkataba wa jezi na Vunjabei uliotangazwa kuwa wa Sh bilioni 2 kwa miaka miwili. Anayevaa hununua rangi na nembo kwanza, kitambaa baadaye. Mafanikio hayo yaliambatana na jezi bandia, nayo ndiyo hatari inayomsubiri kila mwenye jina linalouzika.

Alama ya biashara husajiliwa BRELA kwa Tanzania Bara. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, na kila uhuisho ni miaka 10. Zanzibar ina usajili wake. Asiyesajili hana pa kushika siku jina lake litakapobandikwa kwenye shati la mwingine.

Mahali pa kuanzia

Mtumba hauna saizi ya uhakika. Suruali nyingi za belo zilikatwa kwa miili ya Ulaya na Marekani, hivyo mnunuzi hulipa tena kwa fundi wa kijiji kupunguza kiuno na kukunja pindo. Hapo ndipo kadeti ya nyumbani inaweza kushinda: kiuno cha vijana wa hapa, saizi zinazojirudia, na pindo lililoachwa wazi ili fundi wa Namswea amalizie mbele ya mteja. Fundi huyo akipewa ujira mdogo kwa kila suruali, anakuwa wakala badala ya mshindani.

Kwa anayefikiria kuingia msimu ujao, utaratibu wenye hatari ndogo ni huu: kupima saizi zinazouzika kwa mzigo mdogo kuanzia Julai, kusubiri habari za minada ya kahawa, kushona mzigo mkubwa Oktoba, na kukusanya madeni yote kabla ya Krismasi. Mzigo utakaokuta Januari bado uko dukani uuzwe kwa bei ya gharama. Fedha iliyorudi hununua jora jipya. Shati lililobaki hufifia kola kwa jua la dirishani.