Fahamu: Kuhama Windows kwenda Linux

Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Mwenye steshenari Msalato, Dodoma, ambaye kompyuta yake haikidhi vigezo vya Windows 11, ana njia nyingine: Linux.

Linux ni nini?
Ni mfumo endeshi huria. Kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Matoleo kama Ubuntu na Mint hupakuliwa bure.

Kiswahili kimo?
Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili.

Uanzie wapi?
Hifadhi mafaili yako pembeni. Washa kompyuta kwa flashi yenye Mint, ujaribu printa na Wi-Fi kabla ya kufuta chochote. LibreOffice, programu huria za ofisi, hufungua mafaili ya Word, ingawa mpangilio huweza kubadilika.

Kompyuta nzima haistahili kutupwa kwa sababu ya programu.