C+ ya Kemia na mfuko mtupu: kweli na uongo kuhusu vyuo vya Marekani

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, yakishatangazwa, vijana hunijia na simu mkononi kunionyesha gredi zao. Zimo A kadhaa, zimo B+, kisha ipo moja iliyokaa kama mwiba wayoni: C+ ya Kemia, au C ya Kiingereza, au D+ ya Fizikia. Kabla sijauliza mtu anataka kusomea nini, huwa ameshajijibu: "Marekani haiwezekani, mwalimu. Na hata ingewezekana, nyumbani hakuna kitu."

Nimeketi na watahiniwa wengi wakijaza fomu hizo. Wanaonisikitisha zaidi si wale waliokataliwa na chuo. Ni wale waliojikataa wenyewe kwa maneno ya binamu, ya wakala au ya kundi la WhatsApp. Basi tuyapime maneno hayo.

"Gredi moja mbaya imeshafunga mlango."

Si kweli, lakini nisimdanganye mtu. Vyuo kama Harvard, Yale na MIT huchukua chini ya watu 5 kati ya kila waombaji 100, na kwa wageni MIT huchukua takriban 2. Hata mwenye A za kujaza ukurasa hukataliwa huko, tena bila kuelezwa sababu. Atakayekuambia una uhakika wa kuingia hajui anachosema.

Ila maafisa wa udahili hawaishii kwenye gredi ya wastani kama tulivyozoeshwa hapa, ambapo pointi zinajumlishwa na mstari unachorwa. Wanataka ripoti za muhula tangu Kidato cha Kwanza. Wanataka pia ripoti ya shule yenyewe: ina wanafunzi wangapi, inafundisha masomo gani, wenzako walipata nini. C+ ya Kemia katika shule ya kutwa isiyo na maabara, ambako darasa zima lina wastani wa D, si C+ ileile ya shule ya kitaifa yenye kila kifaa. Na aliyeanza na C akapanda hadi A- anasomeka tofauti na aliyeanza na A akateleza hadi C, hata kama wastani wao wa miaka minne unalingana.

Kuna mpaka, nao nausema wazi. Ikiwa gredi dhaifu ni ya somo unalotaka kulisomea, mfano Hisabati kwa anayetaka uhandisi, uzito wake ni mkubwa na huwezi kuupunguza kwa insha tamu. Na ikiwa C zimetapakaa kwenye ripoti yote, nguvu zako zitazaa zaidi kwingine kuliko kwenye vyuo hivi. Gredi moja ni jambo la kueleza. Gredi saba ni habari nyingine.

"Usiitaje. Huenda wasiione."

Uongo, na ni ushauri mbaya kuliko wote. Nakala za matokeo hutumwa na shule, na chuo kinaweza kuyahakiki wakati wowote. Aliyebadilisha herufi moja hunyang'anywa nafasi hata akiwa ameshafika bwenini.

Fomu ya Common App, inayopokelewa na vyuo zaidi ya elfu moja, ina mahali palipotengwa kwa jambo hili hasa: maneno 250 ya kueleza changamoto zilizokupata, na mengine 300 ya maelezo ya ziada. Wengi hupaacha patupu kwa aibu, au hupajaza machozi. Yote mawili ni hasara. Andika kama unavyomweleza daktari. Kwa mfano: "Muhula wa pili wa Kidato cha Tatu baba alilazwa hospitalini wiki tisa. Nilikuwa nikitoka shuleni saa nane kwenda kushika kibanda cha mboga ili mama abaki naye. Kemia ilishuka kutoka B+ hadi C. Baba alipotoka nilirudi darasani kikamilifu, na muhula uliofuata nilipata B." Hapo msomaji amejua kilichotokea, kilidumu muda gani na ulifanya nini kilipoisha. Habari ya bidii yako mwachie mwalimu aiandike kwenye barua ya mapendekezo. Ikitoka kwake ina uzito zaidi.

"Ukiomba ufadhili unajipunguzia nafasi."

Hili ni kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayowapoteza wengi.

Vyuo vya Marekani vimegawanyika. Vipo visivyotazama mfuko wa mwombaji vinapoamua nani aingie, hata kama mwombaji ni mgeni: Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst wamo. Dartmouth na Bowdoin waliingia kwenye kundi hilo mwaka 2022, na Brown wakafuata kwa wanafunzi walioanza masomo mwaka 2025. Vyuo hivi pia huahidi kufidia upungufu wote wa familia ya atakayechaguliwa. Huko, kuomba ufadhili hakukupunguzii hata nukta moja.

Kundi la pili, ambalo ni kubwa zaidi, hutazama mfuko wa mgeni. Stanford ni mfano. Chuo kinaweza kuwa na fedha za kuwafadhili wageni kiasi fulani tu kila mwaka, na mwenye kuhitaji sehemu ya fungu hilo anashindana na wahitaji wenzake. Hapo ndipo binamu anapoingia na busara yake: "Weka alama ya hapana kwenye swali la ufadhili, ukishaingia utaomba." Usithubutu. Stanford, kwa mfano, mgeni ambaye hakuomba msaada wakati wa kudahiliwa hawezi kuupata baadaye katika miaka yote ya shahada yake ya kwanza. Nani nyumbani atalipa zaidi ya dola 80,000 kila mwaka kwa miaka minne?

Kwa hiyo orodha yako ya vyuo ipange kwa kutazama sera hiyo kwanza, jina baadaye. Ningekuwa na mtahiniwa mmoja tu wa kumshauri, mwenye C+ moja na mama anayeuza samaki, ningemwonyesha Bowdoin kabla ya vyote. Ni chuo kidogo huko Maine, karibu na pwani ya Atlantiki, na wengi wetu hatujakisikia kwa sababu hakina jina la kujivunia kijijini. Hakitazami mfuko wa mgeni. Tangu 2008 kimeondoa mikopo kwenye ufadhili wake na kuweka ruzuku mahali pake. Kiliacha kulazimisha mtihani wa SAT mwaka 1969, zamani kuliko wazazi wa watahiniwa wengi. Tena anayeomba ufadhili halipi ada ya maombi. Kuingia ni kugumu, sikatai, lakini hakuna hata sharti moja hapo linalomfungia nje maskini kabla hajasomwa.

"Ufadhili kamili ni wa wenye A tupu."

Uongo. Vyuo vinane vya Ivy League, kundi lenye Harvard na Yale, havitoi ufadhili wa kuwazawadia wenye gredi za juu. Pesa zao hufuata uhitaji wa familia. Ukishadahiliwa, ile C+ haina kazi tena: ofisi ya msaada wa kifedha inahesabu mapato ya nyumbani, haihesabu pointi zako. Harvard, kuanzia mwaka wa masomo wa 2025–26, familia yenye mali ya kawaida na mapato ya dola 100,000 kwa mwaka au chini ya hapo hailipi karo, chakula wala malazi. Jiulize ni familia ngapi mtaani kwenu zinazovuka kiasi hicho.

Ndiyo maana "chuo cha bei nafuu" kinaweza kuwa ghali zaidi. Chuo cha jimbo kinachotoza dola 30,000 na kumpunguzia mgeni 8,000 kinakuachia deni la 22,000 kila mwaka. Chuo cha 85,000 kinachofidia yote kinakuachia nauli ya ndege.

"Lazima ujaze FAFSA." Uongo. Hiyo ni fomu ya msaada wa serikali ya Marekani, na si ya mgeni anayeomba akiwa huku. Yeye hujaza CSS Profile au fomu ya chuo chenyewe. Na usipoteze wiki ukitafuta jinsi ya kuingia mpango wa ufadhili wa QuestBridge kutoka Kisumu au Voi, kwa sababu huchukua raia wa Marekani, wakazi wa kudumu, na wanaosomea sekondari hukohuko.

"Wazazi wangu hawana hati ya mshahara, kwa hiyo siwezi kuthibitisha umaskini."

Uongo. Wanaosoma fomu hizi wamezoea familia zisizopokea mshahara wala kutozwa kodi yake. Andika barua fupi inayotaja kazi ya mzazi, mapato ya wiki njema na ya wiki mbaya, na watu wanaoyategemea. Ambatisha taarifa ya M-Pesa ya miezi kadhaa na barua ya chifu. Kosa ninaloliona mara nyingi ni la kupunguza: mtu ana ng'ombe watatu na anaandika hana, kisha kwenye insha anasimulia alivyokuwa akikamua alfajiri. Taja ng'ombe. Hawakuondolei ufadhili, lakini fomu mbili zinazopingana zinaweza kuuondoa.

"Kuomba kwenyewe ni gharama." Kweli. Ada ya maombi katika vyuo vingi vinavyochuja ni kati ya dola 75 na 90, na SAT ukiwa Kenya hupita dola 100. Msamaha wa ada ya SAT hautuhusu sisi. Ada ya maombi, hata hivyo, husamehewa ukieleza hali yako, na vyuo kama Grinnell na Carleton havitozi ada hiyo kabisa. SAT nayo haitakiwi kila mahali: MIT na Harvard wanaidai, Bowdoin hawaidai. Mwenye pesa ya mtihani mmoja aufanye mara moja akiwa amejiandaa; asiyekuwa nayo achague vyuo visivyoudai.

"Sina cha kuandika kwenye shughuli za nje ya darasa." Hapa huwa nakasirika kidogo, kwa sababu anayesema hivyo mara nyingi ndiye mwenye mengi. Common App ina nafasi 10 za shughuli, na miongoni mwa aina zake zimo kazi ya ujira na majukumu ya kifamilia. Kupika na kuwaogesha wadogo zako wanne kila jioni ni shughuli. Kuchunga likizo nzima ni shughuli. Andika saa kwa wiki na wiki kwa mwaka, bila kuongeza wala kuona haya.

"Mwaka wa kukaa nyumbani ni mwaka uliopotea."

Si kweli kwa Mkenya. KCSE hufanywa mwisho wa mwaka, na tarehe za mwisho za vyuo vingi ni siku za kwanza za Januari. Kijana wa Kidato cha Nne hana muda wa kuandika insha tatu huku akirudia masomo. Wengi waliofanikiwa waliomba mwaka uliofuata, matokeo yakiwa mkononi. Mpango wa KenSAP, ulioanzishwa mwaka 2004 na mwandishi Mmarekani John Manners pamoja na Mike Boit, aliyetwaa shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich 1972, uliwachukua vijana maskini wenye alama za juu wakishamaliza sekondari na kuwaandaa kwa maombi hayo. Usipopata mpango kama huo, washauri wa EducationUSA, mtandao wa serikali ya Marekani, wanatoa ushauri wa jumla bure, hata kwa njia ya mtandao.

Wakala anayesema ana "nafasi zake" Harvard ni mwizi. Sina la kuongeza.

"Barua ya ufadhili ikija, umeshafika."

Bado. Chuo kitakutumia hati ya I-20 ya kuombea visa, utalipa ada ya SEVIS ya dola 350 na ya visa dola 185, kisha usailiwe ubalozini. Uliza chuo kama kitakusaidia na ada hizo na nauli. Baadhi husaidia wakiombwa. Na sera hubadilika: amri ya rais wa Marekani ya Juni 2025 ilibana visa za wanafunzi kutoka Burundi, na ya Desemba mwaka huohuo ikaiingiza Tanzania. Mwombaji wa nchi hizo aangalie hali ya sasa kabla ya kulipa senti yoyote, na orodha yake iwe na chuo kimoja au viwili nje ya Marekani.

Anayetaka kuanza mwaka huu aanze na karani wa shule yake ya zamani. Ripoti za Kidato cha Kwanza huwa zimefungwa kwenye kabati ambalo ufunguo wake unajulikana na mtu mmoja, na mtu huyo mara nyingi yuko likizo Desemba. Ziombe Februari, zenye muhuri, nakala tano. Ile ya muhula ulioanguka iwe ya kwanza kuitafuta, kwa sababu ndiyo utakayoiandikia yale maneno 250.