Mvinyo Uliokaa na Maganda Yake

Ribolla gialla ni zabibu ya manjano yenye ganda nene na maji yasiyo na harufu ya kuvutia. Imejulikana tangu karne ya 13 kwenye vilima vya mpaka wa Italia na Slovenia, lakini watengenezaji wa kisasa waliidharau. Ukiikamua haraka na kutupa maganda, unapata mvinyo mwepesi, mkali kwa uchachu, basi. Wengi walipanda zabibu za kigeni, Chardonnay na Sauvignon, akiwemo Josko Gravner wa Oslavia, nje kidogo ya mji wa Gorizia, na akasifiwa sana kwa mvinyo huo.

Mwaka 1987 Gravner alikwenda California kuona waliotangulia kiteknolojia wanafanyaje. Alirudi amekinaishwa na mvinyo uliotengenezwa kwa vikorombwezo vya maabara. Mwaka 1996 mvua ya mawe ilifyeka karibu ribolla yake yote, na kwa kiasi kidogo kilichosalia akajaribu desturi ya wazee wa kwao: kuacha maji ya zabibu yachachuke pamoja na maganda. Mwaka 2000 akafika Georgia, nchi ya Kaukazi, si lile jimbo la Marekani. Huko vigae vya vyungu vimeonyesha kwamba watu walitengeneza mvinyo miaka ipatayo 8,000 iliyopita, na hadi leo wapo wanaoutengeneza kwenye qvevri, mitungi mikubwa ya udongo inayofukiwa ardhini hadi mdomoni. Tangu mavuno ya 2001, mvinyo wa Gravner huchachukia kwenye mitungi hiyo.

Mtungi huo una akili nyingi kuliko unavyoonekana. Ndani umepakwa nta ya nyuki. Udongo unaouzunguka hupunguza joto la uchachu bila mashine ya kupoza. Kitako chake ni chembamba, hivyo kokwa, zenye uchungu mwingi, huzama na kufunikwa na masimbi yanayotuama juu yake. Maganda huachwa humo kwa miezi.

Hamira hainunuliwi. Mgema wa tembo la mnazi haoni ajabu hapo, maana tembo lake huanza kuchachuka likiwa bado kwenye kibuyu juu ya mti. Hamira za porini hutoka shambani na kwenye chumba cha kutengenezea. Mwaka 2012 watafiti wa Italia walionyesha kwamba nyigu hubeba hamira ya mvinyo matumboni mwao, huipitisha majira ya baridi na kuirithisha kwa makinda. Mkulima anayewaua nyigu wote kwa dawa huenda anaua na wafanyakazi wake.

Sasa turudi kwenye ganda, maana siri ya ribolla iko hapo. Ganda lina tanini, ile inayoleta ukakasi mdomoni, na tanini husaidia kuukinga mvinyo dhidi ya hewa. Mvinyo hupata rangi ya kaharabu, na kuwa na uzito na harufu ambazo maji matupu ya zabibu hayakuwa nazo. Ganda nene lililokuwa kero kwa mwenye haraka likawa mtaji kwa mwenye subira. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodai kwamba zabibu ya kienyeji ni bora kwa sababu tu ni ya kienyeji. Inahitaji njia inayoifaa.

Kuhusu salfa, inayotiwa ili kuhifadhi mvinyo, kuna uongo mwingi sokoni. Hamira yenyewe huzalisha salfa kidogo, kwa hiyo tangazo la “haina salfa kabisa” ni la kutiliwa shaka. Sheria za Umoja wa Ulaya huruhusu hadi miligramu 200 kwa lita katika mvinyo mweupe mkavu wa kawaida. Nembo ya mvinyo wa asili iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 2020 haivuki 30. Kupunguza salfa hakumaanishi kukaa kitako. Mtungi mchafu, au uliobaki nusu na hewa juu yake, hukupa siki. Nimeonja mvinyo mwingi “wa asili” ambao kwa lugha ya kawaida ulikuwa umeharibika, ukiuzwa kwa hadithi tamu.

Gravner aling’oa mizabibu ya kigeni. Breg, mchanganyiko wake wa zabibu nyeupe za kigeni, ulikomea kwenye mavuno ya 2012, akabaki na ribolla na pignolo, zabibu nyekundu ya eneo hilohilo. Ribolla ikitoka mtungini hukaa miaka sita kwenye mapipa makubwa ya mwaloni, hivyo fedha za mavuno moja huanza kurudi baada ya takriban miaka saba. Bei yake basi si ya kila siku. Ukibahatika kuipata, usiinywe baridi kama mvinyo mweupe wa kawaida, maana baridi huzidisha ukakasi na kuficha harufu. Itoe kwenye friji mapema, uimimine kwenye glasi pana, na uwe na chakula chenye mafuta mezani.