Uyoga wa Rumonge Huanzia Mizizini

Mvua zinaponyesha Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, swali hurudi: kuchuma uyoga ndani ya hifadhi ya miombo ni kuutumia msitu au kuumaliza? Naamini mchumaji hana kesi. Anayeng'oa mti ndiye anayeumaliza, hata kama hajagusa uyoga. Ushahidi uko ardhini. Ncha za mizizi ya miombo huvishwa nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko unywele, ambazo hupenya katikati ya seli bila kuzitoboa. Ubia huu wa mizizi ulielezwa mwaka 1885 na Mjerumani Albert Bernhard Frank, aliyekuwa amepewa kazi ya kutafuta namna ya kulima uyoga. Mti hutengeneza sukari kwa jua, ila fosforasi iliyoshikwa na udongo huipata kwa shida; kuvu huifikia, lakini haina jani la kutengeneza sukari, hivyo hubadilishana. Ndivyo wanavyoishi mvuvi wa ufukweni na mkulima wa mlimani: ndagala, yaani dagaa, hupanda, mihogo hushuka, na ziwa likinyima, mlimani nako mboga hukosekana. Uyoga wa manjano unaoingia chunguni ni zao la biashara hiyo ya mti na kuvu, na ukiuchuma, nyuzi zinabaki kazini.

Wapo watakaosema wachumaji wakizidi, mwakani hakuna kitu. Huko La Chanéaz, Uswisi, utafiti ulianza mwaka 1975: viwanja vingine vikachumwa, vingine vikaachwa. Matokeo yaliyotoka 2006 yalionyesha kwamba kuchuma hakukupunguza mavuno yaliyofuata wala aina za uyoga. Kukanyagakanyaga ndiko kulikopunguza idadi ya uyoga. Udongo wa Uswisi si wa Tanganyika, lakini ubia ni uleule. Pingamizi zito zaidi ni mawese: mchikichi unalipa, na hifadhi ya Rumonge ina hekta zipatazo 600 tu, kwa nini isigeuzwe shamba? Ni kweli, ila mchikichi hushirikiana na kuvu za aina nyingine kabisa, zisizozaa uyoga wa kuliwa. Shamba jipya linafuta soko zima la chini ya ardhi.

Kwa hiyo sioni haja ya kuchagua kati ya kufunga msitu na kuufyeka. Wakataji miti wa Sweden na Finland huacha miti hai kadhaa katikati ya eneo lililokatwa, na kuvu hubaki na mahali pa kula. Miombo ina bahati zaidi, kwani kisiki chake huchipua tena. Mlinzi wa hifadhi asianze na kikapu cha mama mwenye uyoga, akague visiki: chenye machipukizi bado kinalisha kuvu, kilichong'olewa ndicho cha kufungulia kesi.