Kulinganisha Orodha za Maneno Zisizo na Mpangilio

Katika kazi ya kutunga kamusi hapana budi mara kwa mara kulinganisha orodha mbili za maneno: pengine ile iliyoandikwa katika kadi na ile iliyokwisha kuingizwa katika kompyuta, au pengine orodha za watu wawili waliosoma kitabu kimoja. Linalotakiwa kujulikana si jinsi maneno yalivyopangwa, bali ni kama yaliyomo katika orodha moja ndiyo yaliyomo katika ya pili, na kama sivyo, ni yepi yaliyopungua. Ulinganishi huo ukikosewa, neno hupotea kimya kimya, wala hapana atakayelitafuta, kwa kuwa hajui kwamba lilikuwapo.

Kwanza yafaa kupambanua mafungu ya namna mbili. Kuna seti, ambayo ndani yake neno huhesabiwa mara moja tu hata likitokea mara nyingi. Na kuna fungu lenye hesabu, ambalo ndani yake kila tokeo huhesabiwa. Tofauti hii si ndogo. Neno “kaa” laweza kuingia katika kamusi mara tatu: mnyama wa pwani, kipande cha makaa, na kitendo cha kuketi. Orodha yenye “kaa” tatu na orodha yenye “kaa” moja ni sawa zikitazamwa kama seti, lakini si sawa kwa mtungaji wa kamusi. Wala haitoshi kuhesabu urefu wa orodha. “Maji, moto, maji” na “moto, maji, moto” zina urefu mmoja na maneno yale yale, na hata hivyo hazilingani.

Njia iliyo nyepesi kufikirika ni kulichukua kila neno la orodha ya kwanza na kulitafuta katika orodha yote ya pili. Kwa maneno 20 njia hii haina ubaya. Lakini orodha zikiwa na maneno 20,000 kila moja, na maneno mengi yakawa hayapatikani upande wa pili, milinganisho huweza kukaribia 400,000,000. Orodha zote mbili zikirefuka mara mbili, kazi huongezeka mara nne.

Njia ya pili ni kuzipanga kwanza orodha zote mbili kwa utaratibu mmoja, kisha kuzipitia sambamba toka mwanzo hadi mwisho. Mbinu ya kupanga kwa kuunganisha mafungu yaliyokwisha kupangwa ilibuniwa na John von Neumann mwaka 1945. Kwa mbinu hiyo kila neno huhitaji milinganisho isiyozidi 15 hivi, nazo orodha mbili za maneno 20,000 huhitaji kama 600,000. Kuzipitia sambamba huongeza isiyofika 40,000. Utaratibu wenyewe si lazima uwe ule wa kamusi. Latakiwa jambo moja tu, uwe ule ule pande zote mbili.

Njia ya tatu ni ya jedwali la heshi, wazo lililotolewa na Hans Peter Luhn wa IBM mwaka 1953. Kila neno hufanyiwa hesabu juu ya herufi zake ili ipatikane namba, nayo namba hiyo huonyesha mahali pa kuliweka katika jedwali. Orodha ya kwanza hupitiwa, na kila neno huongezewa moja. Kisha ya pili hupitiwa, na kila neno hupunguziwa moja. Mwishoni hesabu zote zikiwa sifuri, mafungu ni sawa. Iliyozidi sifuri huonyesha neno lililopungua katika orodha ya pili. Iliyo chini ya sifuri, lililozidi humo. Kwa kawaida kazi nzima ni hatua 40,000 hivi, ingawa jedwali lataka nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta.

Hesabu ya heshi yapasa kuchaguliwa kwa uangalifu. Ikiwa ni kujumlisha namba za herufi tu, “lima” na “mali” zitapata namba moja, kwa kuwa herufi zao ni zile zile. Kwa hiyo mahali pa kila herufi napo huingizwa katika hesabu. Hata hivyo maneno mawili yaweza kugongana, ndiyo sababu namba zikilingana maneno yenyewe hulinganishwa herufi kwa herufi.

Lakini hakuna njia hata moja kati ya hizi itakayomfaa mtu ambaye maandishi yake hayakusawazishwa kwanza. Kompyuta haioni umbo la herufi, huona namba yake. Katika mfumo wa Unikodi, alama iliyo katika “ng'ombe” yaweza kuandikwa kwa namba 39, au 700, au 8217, nalo neno moja likawa matatu. Katika maandishi ya Kiswahili ya hati za Kiarabu, kafu ya Kiarabu ni 1603 na ile ya Kiajemi ni 1705, ijapokuwa mwanzoni na katikati ya neno hufanana. Herufi kubwa na ndogo nazo zina namba mbalimbali. Basi kabla ya kupanga au kuhesabu, sharti iamuliwe zipi ni alama moja, na uamuzi huo ni wa mjuzi wa lugha, si wa mashine.