Fahamu: Kwa nini hati iliyochapishwa saiba hukatwa ukingoni

Tangu Juni 2023, serikali ya Kenya ilipozindua zaidi ya huduma 5,000 kwenye jukwaa la eCitizen, mkazi wa Msambweni au Diani anayehitaji hati mara nyingi huichapisha saiba au ofisini, kwenye kompyuta inayotumiwa na wengi. Hapo ndipo mipangilio ya msingi ya uchapishaji, yaani machaguo ambayo kivinjari huyatumia bila kumwuliza mtu, huwa na uzito usioonekana.

Kivinjari cha Chrome hukumbuka machaguo ya mwisho, hivyo aliyechagua asubuhi karatasi ya Kimarekani iitwayo Letter, yenye milimita 216 kwa 279, humrithisha anayemfuata chaguo hilo, ilhali trei ya printa imejaa A4 ya milimita 210 kwa 297. Maandishi hukatwa ukingoni, au printa husimama ikidai karatasi isiyokuwamo.

Linalostahili kuangaliwa zaidi ni mstari mdogo wa juu au chini ya ukurasa, ambao kwenye kurasa za wavuti huchapa tarehe na anwani kamili ya ukurasa, na anwani hiyo huweza kubeba namba ya ombi la mwenyewe.

Kurekebisha kwa mkono hakudumu. Msimamizi wa kompyuta hizo huweka sera, yaani amri ambayo kivinjari huitii kila kinapofunguliwa: katika Chrome, sera ya PrintHeaderFooter huweza kuuzima mstari huo kwa watumiaji wote, na PrintingPaperSizeDefault huweka A4 kuwa chaguo la kwanza, huku kivinjari cha Firefox kikisoma amri zake katika faili la policies.json.