Zimwi Moja au Vijizimwi Kumi? Mizani ya Hadithi za Jioni

Ndugu msomaji, ushukapo kivukoni jioni upande wa Kigamboni, umechoka kwa kazi ya kutwa na kwa msongamano wa abiria, huenda hadithi ndiyo jambo la mwisho unalolifikiria. Walakini nyumbani kuna watoto wanaokungoja. Wamekwisha kula, madaftari ya shule yamewekwa kando, na kitinda mimba anakuvuta mkono akitaka usimulie. Ukisema "Paukwa!" wote huitikia "Pakawa!" kwa sauti isikikayo hata kwa jirani. Tangu hapo umekwisha kukabidhiwa kazi, wala si kazi ndogo kama inavyodhaniwa.

Makala haya yanahusu sehemu moja tu ya kazi hiyo, nayo ni kupima nguvu za maadui katika hadithi. Tunazungumzia hasa ile hadithi ambayo watoto hawaisikilizi tu, bali huicheza. Mzazi huwa mtambaji. Kila mtoto hujichagulia mtu wa kuwa: mmoja mwindaji, mwingine nahodha, mwingine mganga. Mtambaji hueleza kilicho mbele yao, nao husema watakalofanya. Kisha dadu huamua kama wamefaulu.

Mwandishi wa makala haya alianza mchezo huo nyumbani kwake, huku Mjimwema, kwa kosa kubwa. Jioni ya kwanza alileta zimwi lenye vichwa saba, lisilopigika wala kukimbilika. Watoto walitupa dadu mpaka mikono ikachoka, wasifue dafu. Mdogo wao, mwenye umri wa miaka 7, akaziweka punje zake za mahindi mkekani, akasema, "Baba, hili haliuliki," akaenda kulala. Jioni ya pili, kwa huruma, nikaleta zimwi jepesi. Likafa kabla chai haijapoa, na mkubwa wao akauliza kwa adabu kama hadithi imekwisha. Tokea hapo nilitambua kuwa hofu bila tumaini humfukuza mtoto, na ushindi bila hofu humchosha. Kati ya hayo mawili ipo mizani, na wazee wetu waliijua zamani.

NUNDA, MLA WATU

Mwaka 1870 mmisionari Mwingereza Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu, alichapisha London mkusanyo wa ngano alizosimuliwa na watu wa Unguja. Mojawapo ni ile ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka yule alianza kwa kula ndama. Sultani alipoletewa habari alipuuza, kwa kuwa paka ni wake na ndama ni wake. Paka akaendelea na mifugo mingine, akafika kwa watu, hata akawala wana wa sultani mwenyewe. Kufikia hapo hakuwa paka tena. Alikuwa nunda, mla watu.

Kijana mdogo wa sultani akaapa kumwua. Angalia, ndugu msomaji, jinsi mtambaji alivyoipanga safari yake. Hakumkutanisha na nunda siku ya kwanza. Kijana alianza kwa kuua mbwa, akamleta kwa mama yake akidhani ndiye. Mama akamwambia siye, akamweleza nunda alivyo. Akarudi porini, akaua fungo, kisha ngawa, kisha punda milia, twiga, kifaru na tembo. Kila mara jibu lilikuwa lile lile: siye. Mwishoni akamkuta nunda mwenyewe amelala, wakamwua kwa bunduki yeye na watu wake.

Wanyama wale wa mwanzo si vijazio vya hadithi. Kila mmoja ni kipimo. Msikilizaji akiisha kumwona tembo ameanguka na bado mama anasema siye, huanza kumwogopa nunda ambaye hajamwona. Wadogo ndio wanaompa mkubwa ukubwa wake.

WENZETU WALIVYOFANYA

Huko Marekani, mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambao huchezwa mezani kwa namna hii hii ya mtambaji, dadu na wahusika. Tatizo la mkubwa na wadogo limewashughulisha watungaji wake kwa miaka mingi. Katika toleo la mwaka 2008 waliweka aina ya maadui wanyonge wenye uhai wa alama moja tu: pigo moja likitua, wameanguka. Hivyo mtambaji aliweza kuwaleta wengi kwa pamoja bila kupotewa na hesabu. Katika toleo la mwaka 2014 waliandika kanuni ya kuzidisha: maadui wakiwa 3 hadi 6, jumla ya uzito wao huhesabiwa mara 2, kwa sababu wengi pamoja ni hatari kuliko mmoja mmoja.

Mkazi yeyote wa pwani aliyewahi kuvamiwa na siafu usiku hahitaji kanuni hiyo. Siafu mmoja ni wa kupangusa kwa kidole. Msafara wake humtoa mtu kitandani mwake.

HESABU YA PUNJE

Tuijaribu mizani hii nyumbani. Chukua dadu moja ya ludo na kikombe cha punje za mahindi. Tuseme watoto ni 4. Kila mmoja mpe punje 6, ziwe uhai wake. Wote pamoja wana 24. Katika kila duru, kila mtoto hutupa dadu mara moja. Akipata 4, 5 au 6 amempiga adui, na punje moja ya adui huondolewa. Kwa wastani, watoto wanne huondoa punje 2 kwa duru.

Zimwi lipe punje 8. Nalo hutupa mara moja kwa duru, tena kabla ya watoto. Likipata 3 au zaidi, huondoa punje 2 za mtoto mmoja. Likiwa peke yake litaanguka yapata duru ya 4, na kwa wastani litakuwa limeondoa punje 5 tu kati ya zile 24. Zimwi la kutisha, lenye pigo zito, limeshindwa kirahisi! Sababu yake ni zamu: lina zamu moja, na wanaolishambulia wana nne.

Sasa lizungushie vijizimwi 6. Kila kimoja kina punje 1; kikipata 5 au 6 huondoa punje 1 ya mtoto. Watoto wakiviondoa kwanza, viwili kwa duru, vitakwisha katika duru 3, vikiwa vimeondoa punje 4 hivi. Lakini muda huo wote zimwi halikulala. Limepata duru 7 badala ya 4, na punje ilizoondoa zimepanda kufikia 9. Jumla ni 13, yaani zaidi ya nusu ya uhai wa watoto. Watashinda, lakini watashinda wakihema.

Je, vijizimwi vikiwa 10? Vitahitaji duru 5, na vitaondoa punje 10. Zimwi litapata duru 9, liondoe 12. Jumla ni 22 kati ya 24, na kwa kuwa mtoto aliyeishiwa punje hatupi dadu tena, mambo yatazidi kuharibika. Tazama: vijizimwi vinne tu, visivyo na maana kimoja kimoja, vimeugeuza ushindi kuwa maangamizi. Ndiyo maana wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwanza, usiwalete maadui wote mara moja. Waanze vijizimwi 4, na wengine 2 watokee mikokoni duru ya tatu. Ukiona watoto wamezidiwa, hao wawili wasitokee kabisa. Hakuna ajuaye ila wewe.

Pili, wape watoto mahali pa kutumia akili. Palipo na ubao mwembamba juu ya mkondo wa maji, vijizimwi viwili tu ndivyo vipitavyo kwa wakati mmoja. Mtoto atakayeligundua hilo amefanya kazi ambayo dadu haiwezi kumfanyia.

Tatu, mwenye nguvu nyingi awe na mlango mmoja. Liyongo, shujaa wa Pwani, hakuna silaha iliyomdhuru ila sindano ya shaba ya kitovuni. Zimwi lako nalo liwe na siri yake, na kijizimwi kilichotekwa kiweze kuitoa. Hapo watoto watajifunza kuwa adui mnyonge si wa kuuawa tu. Pengine ni wa kuhojiwa.

Nne, zimwi lisimwandame mtoto mmoja. Aliyeishiwa punje naye asifukuzwe mchezoni. Ahesabiwe ametekwa, na wenzake wawe na wajibu wa kumkomboa. Kumkomboa ndugu ni hadithi bora kuliko kuua zimwi.

Huenda, ndugu msomaji, ukasema haya ni mambo ya kitoto. Fikiri tena. Mtoto wa mtu wa kazi atakutana na makubwa mengi maishani mwake: mtihani, ugonjwa nyumbani, kodi ya nyumba. Mengine yatamjia kama nunda, na mengine kama siafu, madogo madogo, kila siku. Atafaidika akiwa amezoea kuuliza mapema: lipi kati ya haya ni zimwi, lipi ni kijizimwi, na tuanze na lipi? Sultani Majinuni hakuuliza alipoletewa habari ya ndama, na aliyekuja kulipa ni mwanawe.

Jioni ya tatu nililirudisha lile zimwi la vichwa saba, safari hii likiwa na punje 8 na vijizimwi 6. Yule mdogo alikuja kwa kusitasita, akakaa ukingoni mwa mkeka. Nilipomaliza kulieleza, hakulia wala hakuondoka. Aliviangalia vijizimwi, akaliangalia zimwi, akaniuliza, "Baba, lenyewe lina punje ngapi?"

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Pengine na zimwi ulijualo haliwezi kukutisha likakumaliza. Mwana yule alikuwa ameanza kulijua.